Nafsineni Isiyo na Mwenyewe: Ulinganishi wa "Macho Yanacheka" na "Kifo cha Mahaba" za Bi Shakila Saidi katika Jukwaa la Taarabu ya Tanga

Uhakiki wa nyimbo za taarabu umezoea kuanzia kwenye karatasi. Mhakiki husikiliza kanda, hunukuu maneno, huyapanga katika beti, huhesabu mizani, kisha husaka dhamira na tamathali za usemi kama anavyofanya kwa shairi lolote lililochapishwa diwanini. Njia hiyo imezaa matunda. Issa Mgana katika Jukwaa la Taarab Zanzibar (1991) na Mohammed Seif Khatib katika Taarab Zanzibar (1992) waliupa utanzu huu heshima ya kitaaluma kwa lugha yake wenyewe, na tasnifu nyingi zimepita katika mlango walioufungua. Lakini njia hiyo ina upofu wake. Haiwezi kueleza kwa nini nyimbo mbili zenye maudhui yaliyo jirani, zilizotoka katika koo moja, zinafanya kazi mbili tofauti mbele ya watu. Inafaa kukumbuka kwamba neno la kwanza katika jina la kitabu cha Mgana ni jukwaa. Neno hilo limekuwa likitajwa zaidi kuliko linavyochunguzwa.

Nyimbo zinazohusika hapa ni "Macho Yanacheka" na "Kifo cha Mahaba", zote zikiwa miongoni mwa zile zinazokumbukwa kwanza pale jina la Bi Shakila Saidi linapotajwa. Shakila, mzaliwa wa Pangani, aliimba na Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club za Tanga, vikundi vilivyoupa mwambao wa kaskazini mtindo wake wa taarabu, na baadaye akaimba na JKT Taarabu jijini Dar es Salaam, alikofariki Agosti 2016. Kwa wasikilizaji wengi nyimbo hizi ni pacha: zote za mapenzi, zote za sauti moja iliyosimama mbele na kuyabeba maneno mpaka mwisho. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba upacha huo ni wa juujuu. Nyimbo hizi zinavuka mpaka uleule, mpaka kati ya siri ya nyumba na macho ya watu, lakini kila mmoja unauvuka kutoka upande wake. Na mwelekeo huo hauonekani mpaka wimbo urudishwe jukwaani.

Dhana itakayobeba mjadala ni nafsineni, yaani ile nafsi inayosema ndani ya utungo. Katika tamthilia ya muziki ya Ulaya na Marekani, nafsineni ya wimbo wa pekee ina jina, umri na historia. Katika Les Misérables, iliyoonyeshwa kwanza Paris mwaka 1980 na kisha London mwaka 1985, Fantine anapoimba wimbo wake wa ndoto zilizovunjika, hadhira ya London imekwisha kumwona akifukuzwa kazi kiwandani. Wimbo hauhitaji kueleza nani analia na kwa nini. Mchezo umekwisha kufanya kazi hiyo. Wimbo uleule ukitolewa nje ya mchezo, hadhira huutafutia mwenyewe mpya. Susan Boyle alipouimba katika shindano la televisheni la Uingereza mwaka 2009, watazamaji waliyachukua maneno ya Fantine wakayavika maisha ya mwimbaji waliyekuwa wakimwona. Nafsi iliyokosa mhusika haikai bure. Hupewa wa kuikalia.

Taarabu huanzia pale ambapo wimbo wa Fantine ulifikia kwa bahati. Hakuna mchezo unaotangulia wala mhusika aliyejengwa. Mwimbaji anayesema "mimi" hadai kwamba yeye ndiye aliyetendwa, na mara nyingi maneno yenyewe yametungwa na mtu mwingine asiyeonekana jukwaani. Aidha, sarufi ya Kiswahili inasaidia kuiacha nafsi hiyo wazi. Kiambishi ni- hakina jinsia, na neno mpenzi halimwelezi mwanamume wala mwanamke. Wimbo uliotungwa na mwanamume na kuimbwa na mwanamke unaweza kuchukuliwa na yeyote aliyeketi ukumbini bila kubadilishwa hata silabi. Mtunzi wa tamthilia anayeandika kwa Kiingereza au Kifaransa hana anasa hiyo. Lugha yake humlazimisha mara kwa mara kusema kama anayezungumziwa ni wa kike au wa kiume.

Anayeikalia nafasi hiyo iliyoachwa wazi ni mtunzaji. Kelly Askew, katika Performing the Nation (2002), kitabu kilichotokana kwa sehemu kubwa na utafiti wake mjini Tanga, ameonyesha kwamba kutunza ni tendo la mawasiliano linalozidi kumshukuru mwimbaji kwa fedha. Mtu huchagua wimbo, huchagua ubeti, huinuka, hupita mbele ya watu akijua nani anamtazama, na kwa mwendo wake huyafanya maneno ya wimbo kuwa yake. Kwa hiyo katika taarabu mhusika hutoka ukumbini na kupanda kwa muda wa ubeti mmoja. Swali la kihakiki linalofuata ni hili: kila mmoja wa nyimbo hizi mbili unamwandalia mhusika huyo nafasi ya namna gani?

Kabla ya kulijibu, lazima kuangalia kile kilichoizunguka sauti. Taarabu ya Unguja, tangu Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, ilijengwa juu ya okestra: fidla nyingi, kanuni, udi, nai. Sauti ya mwimbaji huko huogelea ndani ya bahari ya nyuzi. Vikundi vya Tanga vilichukua njia nyingine. Gitaa la umeme, gitaa la besi, kodiani au kinanda, bongo na matari vilitosha, na mapigo yalikopa waziwazi kutoka katika dansi; mji uliokuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz haukuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta magitaa. Tanga ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa mji wa bandari, wa reli na wa mkonge, na hadhira yake ilikuwa na masikio yaliyozoea kumbi za dansi sawasawa na arusi. Matokeo ya kimuziki yana uzito kwa hoja hii. Ala zikiwa chache, sauti hubaki wazi. Gitaa hudonoa na kunyamaza. Halimfuniki mwimbaji anapovuta pumzi. Wimbo wa majonzi unaoimbwa katika mazingira hayo hauna pa kujificha, na pengine ndiyo sababu mtindo wa Tanga ulikuza waimbaji ambao majina yao yamedumu kuliko ya wapigaji wao.

"Macho Yanacheka" unasimama juu ya taswira moja: macho yanacheka ilhali moyo unalia. Taswira hiyo ni ya kawaida katika mazungumzo ya pwani, na mhakiki wa karatasi huipita haraka, akiandika "ukinzani" pembezoni. Ingefaa atue kidogo kwenye sarufi. Mtenda katika sentensi ni macho, na mtenda wa pili ni moyo. Mtu mwenyewe hayupo. Amegawanywa kati ya viungo vyake, kila kimoja kikifanya kazi yake bila kumshauri mwenzake. Nafsineni ya wimbo huu imejiondoa katika kitenzi ili isiulizwe: hasemi kwamba anacheka, wala hasemi kwamba analia. Hata kiambishi cha wakati kina kazi. Kiambishi -na- kinachoonyesha tendo linaloendelea hakina nguvu kubwa kikiwa kimeandikwa. Kikiimbwa, huelekeza kidole kwenye sasa hii, macho haya, mbele yenu.

Hapo ndipo jukwaa linapoingia. Katika mapokeo ya taarabu, mwimbaji wa zamani alisimama au aliketi kwa utulivu, uso ukiwa hausemi mengi, mikono ikiwa karibu na mwili. Utulivu huo ulikuwa sehemu ya adabu ya sanaa yenyewe. Sasa mwimbaji wa namna hiyo anapoimba kwamba macho yake yanacheka ilhali moyo unalia, hadhira hulazimika kuyatazama macho. Inatafuta nini? Ikiona tabasamu, tabasamu hilo ni ushahidi wa huzuni. Ikiona huzuni, huzuni hiyo ni moyo uliovuja. Hakuna sura atakayoiweka mwimbaji isiyothibitisha maneno yake. Wimbo umegeuza adabu ya kusimama kimya kuwa igizo, bila mwimbaji kuigiza chochote. Katika nyimbo za pekee za tamthilia, mwigizaji hutoa jasho ili aaminike; huyu huaminika kwa kutofanya kitu. Ni vigumu kupata katika taarabu ya mwambao wa kaskazini wimbo unaoitumia hali ya jukwaa kwa uchumi mkubwa kiasi hiki.

Lakini wimbo una kitendawili kinachouzidi huo. Maudhui yake ni sitara: mtu anayefunika maumivu yake ili nyumba isisemwe. Sitara ni fadhila kubwa katika malezi ya pwani, na mwanamke hasa hufundishwa kwamba yanayotokea chumbani hayatoki ukumbini. Siri ya mtungi, wasemavyo, muulize kata. Ilhali anayeimba kwamba anaficha ameacha kuficha. Wimbo unabomoa ukuta wakati uleule unapousifia. Kwa mwimbaji jambo hilo halina gharama, kwa kuwa nafsineni si yeye. Gharama humwangukia mtunzaji. Mwanamke anayeinuka wakati wa "Macho Yanacheka" akiwa amevaa khanga nzuri na uso mkunjufu hana wa kumshutumu; maneno hayamtaji aliyemkosea. Yanamtaja yeye. Anatangaza kwamba uso ambao majirani wamekuwa wakiuona tangu asubuhi ulikuwa wa kusitiri. Atakaporudi kitini, watu watamtazama upya. Nafasi ambayo wimbo huu unamwandalia mhusika ni finyu na ya hatari, na anayeikalia ameamua jambo.

"Kifo cha Mahaba" unaanza mahali pengine kabisa, na tofauti imo katika jina. Halina kitenzi. Hakuna tendo, hakuna wakati, hakuna kiungo cha mwili. Kuna nomino mbili na kiunganifu. Kiunganifu hicho ndicho kiini. Katika Kiswahili, kifo cha mfalme ni kifo ambacho mfalme amekufa. Kifo cha ajali ni kifo kilichosababishwa na ajali. Muundo ni mmoja, maana ni mbili, na msikilizaji huchagua kwa kutegemea nomino ya pili. Mahaba yanakubali zote mbili. Kifo cha mahaba chaweza kuwa kifo anachokufa mtu kwa sababu ya kupenda. Chaweza pia kuwa mwisho wa mahaba yenyewe, wapenzi wakiwa wazima. Katika maana ya kwanza mtu hufa na mahaba hubaki. Katika ya pili mahaba hufa na mtu hubaki, jambo ambalo kwa wengi ndilo baya zaidi.

Maana ya kwanza ina ukoo mrefu. Mapokeo ya ushairi wa mapenzi wa Kiarabu yanalijua kabila la Banu Udhra, ambalo watu wake walisifika kwa kufa wapendapo, na kisa cha Laila na Majnuni kimesimuliwa katika pwani nzima ya Bahari ya Hindi, kikafika pia kwenye filamu za Kihindi ambazo miji ya mwambao ilizipenda. Kuchagua neno mahaba badala ya mapenzi, ambalo ni la kila siku zaidi, ni kuuita ukoo huo uje. Maana ya pili ni ya nyumbani. Kifo katika jamii ya Waswahili ni tukio la hadhara kuliko yote: habari hutangazwa, watu hujaa, maiti huzikwa mapema, hitima husomwa, mjane hukaa eda. Hakuna anayefiwa peke yake. Mahaba yanapokufa hakuna kinachotangazwa. Hakuna mkeka unaotandikwa barazani, wala jirani anayekuja na sukari na maneno ya pole. Wimbo unalichukua neno la hadhara kuliko yote na kulitia katika msiba usio na waombolezaji. Kwa kufanya hivyo, unaudai msiba huo haki yake ya kuliliwa na watu.

Hapa ndipo mwelekeo wa nyimbo hizi unapopishana. "Macho Yanacheka" unachukua uchungu wa ndani na kuufunika kwa uso wa hadhara, kisha kifuniko kinateleza. "Kifo cha Mahaba" unachukua desturi ya hadhara na kuialika ndani, pale ambapo haijawahi kuingia. Wa kwanza ni wimbo wa anayezuia watu wasijue. Wa pili ni wimbo wa anayeshangaa kwamba watu hawaji. Kuziweka zote chini ya kichwa kimoja cha "dhamira ya huzuni ya mapenzi" ni kupoteza kile kinachozitofautisha.

Tofauti hiyo hubadili pia kazi ya mtunzaji. Anayeinuka kwa "Kifo cha Mahaba" analindwa na ule utata wa kiunganifu. Aliyelengwa, akiwa ukumbini, hawezi kujua kama anaambiwa "umeniua kwa kukupenda" au "yetu yamekwisha". La kwanza ni kilio cha anayetaka kurudiwa; la pili ni talaka. Mtumaji anaweza kuyamaanisha yote mawili, na kesho yake akiulizwa anaweza kuchagua lililo salama. Nafasi iliyoandaliwa hapa ni pana. Wanaweza kuikalia wengi kwa usiku mmoja, hata mahasimu, na kila mmoja akatoka na maana yake. Ni wimbo mkarimu. Ukarimu wake, hata hivyo, ndio unaoupunguzia makali, kwa kuwa maneno yanayomfaa kila mtu hayamfichui yeyote.

Huenda ikahojiwa kwamba hitimisho hilo linaupa ukumbi uzito mno, kwa sababu wasikilizaji wengi wa Shakila hawakuwahi kumwona. Walimsikia redioni au kwenye santuri. Hoja hiyo ni ya kweli na inafaa kuingizwa ndani ya ulinganishi wenyewe. Redio haina macho. Inapopigwa "Macho Yanacheka" katika chumba ambacho mwimbaji hayumo, taswira hubaki taswira; kile kitanzi cha hadhira kuutazama uso na uso kuyathibitisha maneno hakifungiki. Wimbo bado ni mzuri, lakini umebaki na nusu ya mwili wake. "Kifo cha Mahaba" hauna hasara hiyo. Hauhitaji uso wa mtu. Utata wake umo katika lugha, nao husafiri salama kwenye mawimbi, na pengine hustawi zaidi msikilizaji akiwa peke yake usiku, asipokuwepo mtunzaji wa kuelemeza maana upande mmoja. Mmoja ni wimbo wa jukwaa uliorekodiwa. Mwingine, kwa tabia yake, ni wimbo wa kusikilizwa ambao pia uliimbwa jukwaani.

Kutokana na hayo, hukumu ya ubora hutegemea kilichowekwa mbele ya mhakiki. Kwenye karatasi "Kifo cha Mahaba" ndio utakaoshinda: jina lake lina tabaka mbili, msamiati wake una ukoo, na mwanafunzi wa semantiki anaweza kuuandikia kurasa nyingi. "Macho Yanacheka" utaonekana kuwa msemo wa mitaani uliotiwa muziki. Jukwaani ngazi hiyo hupinduka. Kwa kuwa taarabu ni sanaa ya utendaji, na kwa kuwa vikundi vya Tanga viliishi kwa arusi na kumbi kabla ya kuishi kwa santuri, hukumu ya jukwaani ndiyo inayostahili kutangulia. Kwa kipimo hicho "Macho Yanacheka" ni kazi kubwa zaidi, na unyonge wake wa kimaandishi ni sehemu ya ukubwa huo: maneno yamepunguzwa ili uso upate nafasi.

Ulinganishi huu unagusa pia namna historia ya taarabu ya Tanzania inavyogawanywa. Mjadala wa miaka ya 1990 na baadaye ulivutwa sana na mipasho, hasa ushindani wa vikundi vya Tanzania One Theatre na Muungano na umaarufu wa Khadija Kopa na Nasma Khamis. Humo mtunzaji alipata maneno yanayomlenga mtu moja kwa moja, na uhakiki ukapata mada yenye kelele. Shakila huwekwa kabla ya hapo, katika enzi inayoitwa ya mafumbo na ustaarabu, kama vile waimbaji wa enzi hiyo hawakuweza kuumiza. Mgawanyo huo haukidhi. "Macho Yanacheka" ukitunzwa na mtu sahihi mbele ya watu sahihi una ukali ambao mpasho hauna, kwa sababu mpasho humwanika mwingine, na huu humwanika anayeutunza.

Shaaban Robert, mwana wa Tanga, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad na kumpa mwimbaji wa Unguja nafasi katika fasihi ya maandishi. Waimbaji wa mji wake mwenyewe wanadai kazi ya namna nyingine. Sauti zao zimehifadhiwa katika santuri na kanda, na maneno yanaweza kunukuliwa wakati wowote. Kinachopotea ni upande wa pili wa jukwaa, nao umo katika kumbukumbu za watu waliokuwa vijana wa kumbi za Tanga, Pangani na Muheza katika miaka ya 1970 na ambao sasa ni wazee. Maswali ya kuwauliza ni machache na mahususi: wimbo ulipofika ubeti upi ndipo watu walipoinuka, ni nani hasa walioinuka kwa "Macho Yanacheka" na nani kwa "Kifo cha Mahaba", walipita wakimtazama nani, na kesho yake mtaani ilisemwa nini.